Baiskeli Isiyo na Ubavu

Ukisimama mbele ya baiskeli ya mume wangu gizani, unaiona. Ina taa ya dinamo. Haiwaki sana akienda polepole, lakini inawaka. Ukisimama nyuma yake unaona kijitaa chekundu cha betri, na chini yake ile reflekta ya duara iliyokuja nayo kutoka dukani. Ukisimama ubavuni huoni kitu. Kuna giza tu kama giza lingine lolote, na ndani ya hilo giza kuna mwanaume, baiskeli na mitungi minne ya maziwa, na wewe dereva huna habari.

Nimeolewa na huyo mwanaume miaka minne. Kila siku anatoka nyumbani saa kumi na nusu asubuhi, anashuka kutoka huku kwetu Dundori mpaka Nakuru mjini, na sikuwahi hata mara moja kumtazama kutoka ubavuni. Ningemtazama saa ngapi? Akitoka mimi niko kwa ng'ombe, au niko na mtoto kwenye titi. Ninachojua ni mlio wake: mnyororo, keria inayolia kwi kwi, mitungi ikigongana. Mlio ukishapita kona ya shule siusikii tena, narudi kwa kazi yangu.

Siku niliyomwona, kama naweza kusema nilimwona, ilikuwa siku ya kliniki. Mtoto wetu wa pili alikuwa na miezi saba na kikohozi cha wiki nzima, na kliniki ukifika saa mbili unakuta foleni imeshazunguka jengo. Kwa hivyo nilitoka nyumbani kabla ya baba yake. Nilimfunga mtoto mgongoni na blanketi mbili, nikatembea mpaka pale barabara yetu ya marram inapoingia kwenye lami, nikasimama kungoja gari.

Pale ni pabaya. Marram inashuka kwa mteremko mkali katikati ya mikaratusi, na mteremko hauishi mpaka kwenye lami yenyewe. Mtu aliyebeba maziwa hawezi kusimama. Breki za hizi baiskeli ni vipande vya tairi la gari, na ukizibana ghafla na mzigo huo nyuma yako, mzigo unakurusha mbele. Kwa hivyo wabeba maziwa wote hufanya vile vile. Wanasikiliza, wanatazama, halafu wanapita mpaka upande wa pili, wanaendelea kushuka. Na ile lami inatoka juu, ambako kanta, yale malori ya viazi, zinatoka zikikimbilia soko.

Nilisikia kwanza kanta. Halafu nikaona taa zake, kali, zikimulika ukungu wote ukawa mweupe kama maziwa yaliyomwagika. Halafu, kutoka kulia kwangu, nikasikia kwi kwi na mitungi. Nikajua ni yeye. Nikatazama upande huo kwa macho yote mawili na sikuona chochote. Mke wake. Namjua mpaka anavyopumua, najua yuko pale, na simwoni.

Akaingia kwenye mwanga mara moja tu, kama mtu aliyetupwa hapo. Kanta ikapiga breki, ikalala upande, magunia yakalia juu. Yeye alikuwa ameshapita. Hakugeuka. Nilisikia mitungi ikiteremka mpaka ikanyamaza.

Dereva alishuka, akainama kutazama chini ya gari.

"Mathe, umeona hiyo kitu?"

"Hiyo si kitu," nikamwambia. "Huyo ni bwana yangu."

"Basi mwambie bwana yako nilikuwa nimemuua. Sijamwona, naapa mbele ya huyo mtoto. Nimeona gamubuti tu. Gamubuti mbili nyeupe zikipanda zikishuka, ndio nikajua ni mtu."

Alinipa lifti mpaka mjini, na njia nzima alirudia neno hilo, gamubuti, gamubuti, kama mgonjwa. Kliniki walinipa dawa ya kikohozi na maelezo yake. Sikusikia maelezo. Ilibidi nimuulize mama mwingine nje.

Mume wangu alikuwa amefika nyumbani kabla yangu, anakula viazi.

"Uliona ile kanta?"

"Kanta gani?"

"Usinichezee."

"Ah, ile. Niliiona mapema sana. Ilikuwa na taa kubwa."

"Wewe uliiona. Yeye hakukuona."

"Lakini mimi niliiona, mama watoto. Nilihesabu, nikajua napita."

Wote wanafikiri hivyo, wale wa maziwa. Mtu akiona gari vizuri, anaamini gari pia limemwona. Unaweza kumweleza mpaka ulie. Nilimuuliza, "Nani alikufundisha hii kazi? Yuko wapi?" Akaacha kutafuna. Aliyemfundisha aligongwa pale pale, ubavuni, na dereva akasema hakuona kitu, na hakuna mtu aliyeweza kusema anadanganya. Nilihudhuria mazishi nikiwa na mimba ya kwanza. Nilikula wali huko. Sikufikiria kwamba jambo hilo linanihusu.

Hasira yangu ikishaanza siwezi kukaa chini, lazima mikono ifanye kitu. Nikaanza na rangi. Kanisani walikuwa wamepaka madirisha na ikabaki rangi nyeupe kidogo kwenye mkebe, nikaiomba. Nikapaka ubavu wa tairi zote mbili, duara nzima. Ilipendeza siku mbili. Tairi linajikunja likibeba mzigo, rangi ikapasuka, ikatoka vipande vipande kama magamba, na kilichobaki kikashika vumbi. Tena rangi nyeupe haing'ai gizani. Ni nyeupe tu. Inakusaidia gari likishafika kwenye pua yako.

Jirani yetu wa boda boda alikuwa na jaketi ya reflekta iliyoungua mgongoni alipoiegemeza kwenye ekzosi. Ile mikanda yake ya fedha ilikuwa bado mizima. Nikamwomba.

"Unataka kuanza kubeba abiria, mathe?"

"Nataka kubeba bwana yangu arudi nyumbani."

"Huyo hata ukimwekea king'ora hataonekana. Mweusi, baiskeli nyeusi, gunia nyeusi."

Alikuwa anacheka, lakini kwa gunia alisema kweli. Huku kwetu mtu akibeba maziwa hufunika mitungi kwa gunia lililoloweshwa, ili maziwa yafike mjini bado baridi. Mitungi miwili inaning'inia kila upande wa keria na inaziba gurudumu la nyuma lote. Hata ungefunga reflekta kumi kwenye spoki za nyuma, hazitaonekana, ziko nyuma ya mtungi, na mtungi uko nyuma ya gunia. Ubavu wa baiskeli ya maziwa ni gunia lenye maji, na gunia lenye maji linameza taa.

Kwa hivyo nilianza na gunia. Nilikata mkanda mmoja, nikaushona kila upande, kutoka mbele mpaka nyuma, kwa uzi wa fundi viatu. Shuleni nilisoma upishi na ushonaji na mwalimu alinisifu kwa mshono wa nyuma, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mshono huo kunifaa kitu. Halafu gurudumu la mbele, ambalo liko wazi. Nilikata mikanda mingine vipande vya urefu wa kidole, nikazungushia kila kimoja kwenye spoki yake, nikashona. Niliviweka karibu na rimu, si karibu na katikati, kwa sababu huko ukingoni kipande kinazunguka duara kubwa, na ile kanta ilinifundisha kitu kimoja: dereva haoni baiskeli, anaona kinachopanda na kushuka. Kwa sababu hiyo hiyo nikashona vipande kwenye pedali, na vingine nikavigandisha nyuma ya gamubuti, kwenye kisigino.

Jioni tukajaribu. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita shosho kwa sababu ya watoto, alitoka na kikombe chake kuangalia sinema. Mume wangu akapanda baiskeli, akaenda mwisho wa malisho, mimi na shosho tukabaki ubavuni na tochi.

Shosho akaimulika tochi akiwa ameishikilia tumboni. "Sioni kitu. Umepoteza uzi."

"Weka tochi karibu na jicho, shosho."

"Jicho langu halitaki tochi, linataka miwani."

"Weka tu."

Hii kitu nilikuwa nimeisoma. Fizikia nilipata D plus, lakini siku ya taa sikulala darasani. Reflekta ya aina hii haitupi mwanga kila mahali. Inaurudisha kule kule ulikotoka. Kwa hivyo anayeiona ni yule mwenye taa, akiwa karibu na taa yake, kama dereva. Shosho akapandisha tochi mpaka kwenye sikio, mume wangu akaanza kukanyaga, na kule gizani duara la moto likawaka, likizunguka, na chini ya duara visigino viwili, na nyuma mstari mrefu wa fedha.

"Ngai!" shosho akasema. Chai ilimwagika. "Umempamba mtoto wangu kama pikipiki ya harusi!"

Msichana wetu wa miaka mitatu alipiga makofi mpaka akakaa chini. Mume wangu alizunguka mara sita. Alikuwa anafurahi pia, najua, alikuwa anainua miguu bila sababu. Usiku huo nililala vizuri, na ninaiandika hiyo kwa sababu ni mara chache.

Wiki mbili nilikaa na amani yangu ya kijinga. Katika hizo wiki mbili, siku moja alirudi na mitungi mitupu bila hela, akasema maziwa yaliharibika njiani. Nikalaumu joto. Joto gani, Dundori, saa kumi na moja asubuhi? Lakini mtu akiwa na amani haulizi.

Jumamosi nikaosha baiskeli. Naosha kila Jumamosi. Fremu ilikuwa na vumbi la kawaida na spoki zilikuwa safi, hata rimu ilikuwa safi. Matope yalikuwa kwenye vipande vya reflekta peke yake. Kila kimoja. Yalikuwa yamepakwa vizuri, yamekauka, na kwenye kimoja niliona alama ya kidole gumba. Nikageuza gunia. Lilikuwa limegeuzwa tayari, mshono wangu uko ndani, unaangalia mtungi.

Alikuwa anachonga mpini wa jembe nyuma ya nyumba.

"Nani amepaka matope kwa gurudumu?"

"Si ni barabara tu."

"Barabara ina kidole gumba?"

Nilimwonyesha kile kipande. Nilikuwa nimekikata pamoja na uzi, nikakiweka kwenye goti lake. Akaweka kisu chini.

"Mama watoto, keti."

"Sikai."

"Ulinifanya niwake kama kituo cha petroli."

Ndipo akaniambia. Kuna watu tunaowaita wa pikapu. Ni wakaguzi wa serikali, kazi yao ni kukamata wanaobeba maziwa kwenye mitungi ya plastiki badala ya mikebe ya chuma, bila kibali. Najua plastiki haioshwi ikatakata, sijasema si kweli. Lakini mikebe na kibali ni mambo ya mtu mwenye ng'ombe wengi, sisi tuna mmoja, na mitungi mingine anabebea majirani. Wakikukamata wanamwaga maziwa kwenye mtaro na wanabeba mitungi. Na mahali wanapoegesha pikapu yao, taa zimezimwa, ni pale chini ya mikaratusi, pale pale kwenye lami, kwa sababu njia zetu zote za marram zinaishia hapo.

"Zamani nilikuwa nazima dinamo, napita hapo kama upepo," akasema. "Wakishtuka, nimeshakwenda. Wiki ile baada ya wewe kunishonea, waliniona nikiwa bado juu kabisa. Waliwasha taa mara moja tu nilipokuwa kwenye kona ya juu, ubavu wote ukawaka. Mmoja alinisimamia katikati ya njia anacheka. Akaniuliza, 'Boss, leo ni Krismasi?' Halafu wakamwaga."

"Ukaniambia yameharibika."

"Ningekuambia nini? Ungelia."

"Mimi silii. Mimi nakuuliza. Unataka lori likuone au lisikuone?"

Alichukua kisu, akaendelea kuchonga. Alisema bila kuniangalia, na alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeongea juu ya mvua:

"Lori linaweza kunikosa. Wale hawanikosi."

Nilitaka kumpiga na huo mpini. Nilitaka kumpiga kwa sababu hakuwa anasema upuuzi. Ningekuwa mimi kwenye ile baiskeli, na mitungi ya majirani imening'inia nyuma, ningefikiri vile vile. Hiyo ndiyo ilinichoma. Ukibishana na mjinga unaweza kushinda siku moja. Huyu si mjinga.

Siku nyingi baadaye nilitafuta njia. Nikiwa nakamua, nikiwa nafua, nikiwa nanyonyesha, nilikuwa nashona kichwani. Nikafikiria kipande cha gunia kinachofunika ule mstari, awe anakivuta kwa kamba: kimefungwa akikaribia pikapu, kimefunguliwa akikaribia lori. Lakini pikapu na lori viko mahali pamoja. Nikafikiria kuacha visigino peke yake. Lakini kinachomwonyesha mtu kwa dereva ndicho kinamwonyesha kwa mwenye tochi. Nilijua hivyo tangu siku ya tochi ya shosho: mwanga unarudi kwa aliyeutuma, hata awe nani. Hakuna reflekta inayochagua macho ya nani yaone na ya nani yasione. Kama ningeweza kuitengeneza hiyo ningekuwa tajiri na tusingekuwa tunauza maziwa.

Nikamwambia apite njia nyingine. Akasema ipi? Mimi pia nimezaliwa huku, na najua hakuna.

Basi nikaona shida si baiskeli, ni pale wanapoegesha. Wakiegesha chini zaidi, kwenye kituo cha biashara ambako kuna taa za stima, yeye atavuka lami akiwa anang'aa, halafu ashughulike nao huko. Hata wakimkamata huko, wamemkamata akiwa hai. Niliona ni jambo la kueleweka. Asubuhi moja nikamfunga mtoto mgongoni, nikamwacha mkubwa na shosho, nikatoka kabla ya baba yao bila kumwambia.

Pikapu ilikuwepo. Nisingeiona kama nisingekuwa naitafuta. Nikagonga kioo. Aliyekuwa kwenye usukani alishtuka mpaka akagonga honi kwa kiwiko. Walikuwa wawili, wamejifunga mashuka, kuna thamosi ya chai kati yao. Si watu wabaya wa kutisha. Mmoja alikuwa na mafua.

"Mathe, unatutafutia ugonjwa wa moyo. Gari imekuharibikia?"

"Sina gari. Nimekuja kuwaomba muegeshe pale chini kwenye stima."

Wakatazamana. "Kwa nini?"

"Kwa sababu hapa watu wanavuka lami bila kuonekana kwa sababu yenu. Mtu aligongwa hapa. Mwingine atagongwa. Mkienda chini, watafunga reflekta, watavuka salama, mkamate wenyewe mnayetaka."

Yule wa usukani alikuwa mpole. Alifungua mlango ili asiwe anaongea nami kwenye kioo. "Mathe, nakuelewa kabisa. Lakini pale kwa stima wakituona tu wanageuka. Tulijaribu. Tulikaa mwezi mzima, tulikamata mtungi mmoja."

"Kwa hivyo lazima mjifiche."

"Ndio kazi."

Nikaona anakalia kitu kinachometa. Alikuwa ameikunja jaketi yake ya reflekta, ile ya kazi, mpya kabisa, ameifanya mto kwa sababu kiti kilikuwa baridi.

"Hiyo si ni ya kuvaa?"

Akacheka, akaona haya kidogo. "Nikiivaa hapa, si wataniona?"

Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu. Ndipo nikaisikia, juu kabisa, kwenye mikaratusi. Kwi kwi. Halafu mitungi.

Sikufikiria. Mdomo wangu uliamua wenyewe. Nikaanza kupiga kelele. Niliwaita wauaji, niliwaita wezi, niliwauliza kama mama zao hawakuwanyonyesha, niligonga mlango wa pikapu kwa kiganja, ngoma kabisa, mtoto mgongoni akaamka akaanza kulia, nami nikamshukuru kwa kulia. Yule wa mafua akawa anasema "mathe, mathe, pole, tulia", yule wa usukani akashuka kunituliza, akaupa mteremko mgongo. Na nyuma yake, hatua ishirini hivi, kitu kikapita. Sikukiona. Niliusikia upepo wake tu na ile keria, na kikaingia kwenye lami, na kikavuka.

Hakuna lori lililokuja. Ni hivyo tu. Lori moja lilikuwa limepita tulipokuwa tunaongea juu ya stima, na lingine lilikuja wakati ninatembea kurudi nyumbani. Katikati yake hakukuwa na kitu, na yeye akapita kwenye hiyo katikati.

Nilipofika kona ya shule nikaketi kwenye jiwe, nikamnyonyesha mtoto ili anyamaze. Nilikuwa nimetoka nyumbani kwenda kumfanya mume wangu aonekane. Nikamficha. Alikuwa hana ubavu, amebaki na mlio peke yake, na mimi mke wake nikafunika hata mlio.

Aliporudi alikuwa anacheka. "Leo kulikuwa na mwanamke mwendawazimu pale chini, aliwashika wale watu kabisa!" Halafu akaona uso wangu, akaelewa, akaacha kucheka. Akanishika bega. "Asante," akasema. Sijawahi kuchukia neno hilo kama siku hiyo.

Jumapili mchana, yeye akiwa mkutano wa kanisa, nikachukua spana nikafungua gurudumu la mbele. Nikalifunga kwenye leso, nikalibeba mpaka kwa mama yangu, mwendo wa saa moja kuvuka bonde, nikalisukuma chini ya kitanda chake. Mama aliuliza ni nini. Nikasema ni gurudumu. Hakuuliza tena, ananijua.

Jumatatu saa kumi na nusu akakuta baiskeli imepiga magoti kwenye uma wake. Akavua gamubuti zake. Shosho ndiye alisema. Alisema mpaka kukapambazuka. Majirani walikuwa wameleta maziwa yao kama kawaida, na kufikia saa sita mitungi ilikuwa imeanza kunuka. Tulinywa, tukawapa ndama, tukawapa mbwa. Mama mmoja alikuja kuchukua mtungi wake, akautikisa, akasikia yameganda.

"Kama hutaki bwana yako aende kazi, mfungie yeye," akaniambia. "Usitufungie maziwa."

"Yeye ndiye namfungia."

"Mbona yeye ameshiba?"

Alikuwa na watoto watatu, huyo mama, na niliwajua wote.

Jumanne jioni mume wangu akarudi kutoka kwa fundi wa baiskeli akiwa na gurudumu la zamani begani. Jeusi, lina kutu, spoki mbili hazipo, ukilizungusha linacheza kushoto na kulia. Akalifunga. Nikaenda kwa mama, nikarudisha lile langu, nikamwambia, "Basi funga hili, paka matope ukitaka, lakini funga hili, hilo litakuvunjikia kwenye mteremko." Akasema lililofungwa limefungwa. Nafikiri aliogopa nitalichukua tena. Basi nimelitundika jikoni kwenye msumari. Mtu akiingia na tochi ukuta wote unawaka, halafu anapita, unazimika.

Asubuhi iliyofuata nilimshikia taa akifunga mitungi. Nikamwambia, "Leo shuka pale juu ya mteremko, sukuma mpaka uvuke." Akasema atashuka. Anajua hatashuka, na mimi najua, kwa sababu ukishuka na mzigo ule kwenye mteremko ule wewe ndiye unasukumwa, na ukitembea polepole hivyo wale wa pikapu wanakufuata kwa miguu. Lakini alisema atashuka, na mimi nikasema sawa. Tumekuwa watu wa kuambiana hivyo.

Na akirudi saa tatu, mzima, shosho ananiambia nishukuru. Nimpikie chai, nikae chini, nishukuru kama wanawake wengine. Nampikia chai. Namtazama akivua gamubuti zake mlangoni, zile nyeupe, visigino amevikwangua vikawa safi, na ninachosikia tumboni si shukrani. Anadhani ameshinda. Anadhani alihesabu vizuri. Kesho saa kumi na nusu atatoka tena, gari litakuwa na taa na yeye ataliona vizuri sana, na maziwa atakayobeba ni yale nitakayokuwa nimeyakamua mimi.